Mashua ya Betri Iliyopakwa Sifa

Masharti yaliletwa kwa mdomo. Jamaa mmoja wa ukoo wao, aliyetoka Uingereza kuhudhuria arusi Mombasa, alipanda hadi Malindi na sanduku refu la kadibodi, akalilaza juu ya kaunta ya duka la vyuma, akamwambia mwenye duka: "Kaka yako anasema mashua hii uijenge mwenyewe. Akija mtashindana majini, yake na yako. Akiona umeweza, atajua u mzima. Akiona hukuweza, tiketi yako ya ndege anayo mfukoni."

Nilikuwa nimesimama pale nikisubiri boliti za pampu. Mwenye duka alicheka, akauliza habari za bibi arusi, akaagiza chai. Muda wote huo viganja vyake viwili vilikuwa vimekandamiza ubao wa kaunta, na kucha zimekuwa nyeupe kwa nguvu aliyotumia. Nilijua kwa nini. Angeviinua, vingetetemeka mbele ya mgeni.

Mikono yake ilianza kutetemeka mwaka uliotangulia. Haikuwa homa wala woga. Daktari wa Mombasa alimpa vidonge vilivyomtia usingizi mchana, akaviacha. Malindi ilishamzoea. Wateja wa misumari walijipimia wenyewe kwenye mizani huku yeye akitazama mshale. Mtu wa mkahawa wa jirani alimletea chai nusu kikombe, kisha nusu nyingine, na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Lakini mkewe alikuwa amefariki, binti zake wameolewa mbali, na kaka yake aliyehamia Uingereza zamani alikuwa amesikia maneno. Kaka huyo akiiona mikono ile, duka lingefungwa, na mtu aliyezaliwa katika vyumba vya nyuma ya duka hilo angemalizia umri wake katika chumba cha ghorofani, kwenye mji wa mvua asioujua.

Jamaa alipoondoka, mwenye duka aliniambia nirudishe mlango kidogo.

"Fundi," akasema, "wewe unasoma michoro."

"Nasoma ya pampu, Mzee. Na ya majokofu."

"Huu nao ni mchoro. Kata hapa, gundisha pale."

Mimi ni mtu wa bara. Nilishuka pwani kutafuta kazi nikaipata hotelini, kwenye mitambo: pampu za maji, jenereta, majokofu. Umeme sikufundishwa na mwalimu. Nilijisomea vitabu vilivyoachwa na wageni, na kila nilipokwama kwenye Kiingereza cha kitabu nilimwendea yeye, akanifasiria huku akifunga mizigo ya wateja. Kwa hiyo sikuweza kumkatalia. Lakini niliona ni vyema tuelewane mapema.

"Nitaijenga," nilisema. "Ila kaka yako akiniuliza ni nani aliyeijenga, nitamjibu."

"Watu wa bara na kanisa lenu," akasema. "Basi omba asikuulize."

Ndani ya sanduku mlikuwa na vipande vya plaiwudi nyembamba vilivyokwisha kukatwa, mota ya umeme, mhimili mwembamba wa chuma, rafadha ya kusukuma maji, ya kutosha kiganjani, betri za kuchaji na rimoti yenye vijiti viwili: kimoja cha mwendo, kimoja cha usukani. Nilidhani najua mashua ni nini. Mchoro ulinionyesha kwamba sijui. Chombo cha mashindano cha namna hii hakikati maji. Kikishika kasi huinuka na kuteleza juu yake, kikiyagusa mahali patatu tu: kwenye ncha ya rafadha nyuma, na kwenye vipande viwili vilivyotokeza mbele, kimoja kila ubavu. Vipande hivyo tuliviita viatu. Kiatu kikikaa upande hata kwa unene wa ukucha, mashua hupinduka.

Karatasi ya mchoro alipoishika yeye haikusomeka, ilikuwa ikipepea. Aliniambia niipigilie ukutani, stoo, nyuma ya mapipa ya rangi. Baada ya hapo alisimama mbele yake, mikono nyuma, akisoma na kufasiri, nami nikikata na kupiga msasa. Nilikwenda jioni nitokapo kazini, na Jumapili baada ya ibada. Alikuwa mkali. Akisema milimita mbili, nikapima, nikamwonyesha, alisogeza uso hadi karibu na rula ndipo akubali.

"Mtu wa bara," alinitania, "wewe umejua maji lini? Kwenu maji ni ya ndoo."

"Ndiyo maana naogopa, Mzee. Anayeogopa hupima mara mbili."

"Pima mara tatu basi. Ndege ni ya kwangu mimi, si yako."

Mzaha ulikuwa wa namna hiyo, na kila siku ulipungua, kwa sababu tarehe ya kaka yake ilikuwa ikikaribia na kazi ilikuwa polepole.

Nilipomaliza mwili wa mashua, nilibakiza viatu. Jumamosi moja nilivigundisha kwa gundi ya mirija miwili, ile inayochanganywa, nikavibana kwa vibanio na kuviacha. Jumapili nilipotoka ibadani nilifungua vibanio, nikajaribu kiatu cha kushoto kwa kidole gumba. Kilibanduka chote, safi, kama ganda la yai lililochemshwa. Gundi ilikuwa imekauka vizuri na kuwa ngumu, lakini haikuwa imeshika kitu. Cha kulia nacho kilibanduka.

Nilianza kutafuta kosa langu. Kipimo cha mirija kilikuwa sawa. Unyevu? Stoo ilikuwa kavu. Nikaunusa ubao, na hapo nikajua. Yeyote aliyekaa pwani anaijua harufu ile: sifa, mafuta ya papa, yanayopakwa mbao za vyombo vya baharini ili zisiliwe na maji ya chumvi. Alikuwa akiyauza kwa madebe mlangoni pa duka, ndiyo maana Jumamosi harufu yake haikunishtua.

Alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nilipaka Ijumaa," akasema. "Baada ya sala. Kila chombo kinachoteremka majini hupakwa sifa, Fundi. Hilo hata mtoto wa Mambrui anajua."

Niliunusa ubao tena.

"Ni kazi ya kitambaa," akaendelea. "Haitaki mkono uliotulia. Nilipaka ndani na nje, nikasema angalau kitu kimoja nimefanya mwenyewe." Kisha akaviona viatu viwili mkononi mwangu. "Vimefanya nini?"

Kulikuwa na njia ya kumficha. Ningeweza kusema gundi ilikuwa mbovu. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akisoma mchoro, na asiyeambiwa ukweli hawezi kusoma mchoro.

"Gundi haishiki kwenye mafuta, Mzee."

Aliketi juu ya pipa la rangi. Mikono yake ilikuwa magotini, ikienda, naye hakuizuia.

"Nyingine hakuna," akasema. "Sanduku ni hilo moja."

Nilikwangua mbao kwa kipande cha kioo, nikazisugua kwa petroli, nikaziacha juani uani, nikazisugua tena. Juu zilikauka. Lakini plaiwudi hunywa, na mafuta yalikuwa yamezama chini ya tabaka la kwanza. Kila jua lilipopanda yalichomoza tena, mng'ao mdogo, na ile harufu. Niligundisha vipande vya majaribio, nikavivunja. Kimoja kilishika, kingine kiliachia. Gundi inayoshika mara moja na kuachia mara moja ni mbaya kuliko isiyoshika kabisa, maana hujui imeamua nini.

Mwishowe niliacha kuitegemea gundi peke yake. Nilimwomba skrubu ndogo kabisa za shaba alizokuwa nazo, za bawaba za masanduku ya vito. Nilitoboa kwa sindano iliyopashwa moto, nikafunga kila kiatu kwa skrubu na gundi pamoja. Uzito uliongezeka mbele, pale hasa mchoro ulipoonya usiongezeke. Nilisogeza betri nyuma kidogo ili kufidia. Ilikuwa ni kukisia, na mimi sipendi kukisia.

Tulijaribu kwanza kwenye bwawa la hoteli, msimu wa mvua, wageni wachache, meneja akiwa ameniruhusu mradi niwahi kabla ya watu wa kiamsha kinywa. Mashua iliinuka. Nitasema wazi kwamba nilifurahi. Kisha nikampa yeye rimoti, na nikaona jambo ambalo wote wawili hatukuwa tumelifikiria. Tulikuwa tumeshughulika na mikono iliyojenga, tukaisahau mikono itakayoendesha. Kijiti cha usukani kilichukua kila mtetemo wa kidole chake na kuupeleka majini. Mashua ilitikisa kichwa kushoto, kulia, kushoto, ikagonga ukuta wa bwawa.

"Basi," akasema. "Nitapanda ndege."

"Ngoja, Mzee."

Ndani ya mashua, mota ndogo huvuta waya, na waya husukuma mkono wa usukani. Mkono huo una matundu kadhaa. Waya ukiwa tundu la ndani, kijiti kikisogea kidogo usukani hugeuka sana. Niliuhamishia tundu la nje kabisa. Sasa alihitaji kusukuma kijiti hadi mwisho ili mashua igeuke kidogo, na mtetemo mdogo ulipotea njiani. Hasara yake ilikuwa hii: mashua haikuweza tena kukata kona fupi. Ilizunguka kwa duara kubwa, na mwendeshaji alilazimika kuanza kugeuza mapema mno, kabla akili haijamwambia kwamba kona imefika.

Hilo alijifunza. Tulikwenda Mida, kwenye maji yaliyotulia kati ya mikoko, Jumapili kadhaa, naye alikuwa akijisemea kwa sauti, "Sasa. Sasa. Geuza sasa, wewe mzee." Alikosea mara nyingi, kisha mara chache.

Kaka yake alifika akiwa na mashua yake ndani ya begi la kitambaa. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki pale pale alipokiacha, cha Malindi ya zamani, chenye adabu nyingi. Mwenye duka alimpokea kwa kumkumbatia, akamshika mgongoni kwa nguvu, mahali ambapo mikono haionekani. Siku iliyofuata, siku ya mashindano, alitangaza kwamba amefunga saumu ya sunna. Kwa hiyo hakuhitaji kula wala kunywa mbele ya mtu. Na kweli alifunga. Hakupenda kuongeza uongo zaidi ya ule uliotosha.

Asubuhi hiyo kaka aliingia stoo, nami nilikuwa nachaji betri. Aliiinua mashua, akaigeuza, akaitazama chini, kwenye skrubu. Nilingojea swali. Nilikuwa nimekwisha kulitayarisha jibu, maneno machache. Kisha akasogeza pua.

"Sifa?" akasema. Akanusa tena. "Umepaka sifa? Mashua ya betri?"

"Chombo kisichopakwa sifa ni sanduku," akajibu mdogo wake kutoka mlangoni, mikono nyuma.

Kaka alicheka hadi akashika ukuta. "Kule kwenye klabu yetu nimeona wajinga wa kila namna. Wa kupaka sifa sijamwona! Wallahi hii umejenga wewe. Hakuna mwingine duniani."

Akamkumbatia. Mimi nilibaki na nyaya mkononi. Sikuwa nimeulizwa.

Tulishuka Kilifi alasiri kwa pikapu ya duka, nikiendesha mimi. Tulitafuta mahali ndani ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, mbali na kivuko, maana daraja lilikuwa bado halijajengwa, maji yakiwa yamejaa na kusimama. Nilifunga madumu mawili ya plastiki kwa kamba na mawe, nikayaweka yaelee pale tulipokubaliana. Wangezunguka mara tatu. Tulingoja feri ifike ng'ambo na mawimbi yake yafe.

Walipoanza, macho yangu yalikuwa kwenye kiatu cha kushoto tu. Mota mbili zililia kama nyuki waliochokozwa. Mashua ya kaka ilitangulia, ikakata kona karibu na dumu hadi ikalirushia maji. Lakini kona kali iliipunguzia mwendo, na ya mdogo wake, iliyokwenda mbali na kuzunguka kwa duara pana, haikupunguza kitu. Kwenye mzunguko wa pili zilikuwa sambamba. Niliona kiatu kinapiga wimbi, kinaruka, kinapiga tena. Nilihesabu skrubu kichwani kana kwamba kuzihesabu kungezikaza.

"Mbio, mzee, mbio!" kaka alipiga kelele. "Unaogopa kona? Dada zetu wangekata kona vizuri kuliko wewe!"

"Tazama yako!" mdogo wake alimjibu. "Yako inakunywa maji!"

Kaka alishinda kwa urefu wa mashua moja. Viatu vilishika. Nilivuta pumzi, nikageuka kumtazama kaka, na nikaona kwamba hatazami mashua tena. Anatazama maji. Nyuma ya mashua yake povu lilikuwa limelala limenyooka kama uzi. Nyuma ya yetu lilikuwa na mipindo midogo, kushoto na kulia, sawasawa, kama mshono wa cherehani, kutoka dumu hadi dumu. Tundu la nje lilikuwa limepunguza mtetemo, halikuuondoa. Alilifuata lile povu kwa macho hadi kwenye mashua, kutoka mashua hadi kwenye rimoti, kutoka rimoti hadi kwenye vidole.

"Fundi," akaniambia bila kunigeukia. "Mikono ya ndugu yangu ina nini?"

"Inatetemeka."

"Na mashua ameijenga nani?"

"Nimeijenga mimi. Yeye alisoma mchoro na kunikagua. Sifa alipaka yeye."

Mwenye duka hakunilaumu, wala hakunitazama. Aliiweka rimoti juu ya boneti ya gari, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliiacha mikono ining'inie wazi.

Walianza kubishana kwa Kigujarati, lugha ya wazazi wao, kwa haraka, na sikuelewa ila sauti. Kisha mdogo akageuza kwa Kiswahili. Nadhani alitaka awepo shahidi.

"Kule kuna madaktari," kaka alisema.

"Kule nitakuwa mgonjwa wa ghorofani. Hapa mimi ni mwenye duka."

"Mwenye duka asiyeweza kushika msumari! Nani atakutunza?"

"Nani ananitunza sasa?"

"Hata mashua umejengewa. Na imeharibiwa, haigeuki! Nimeiona, inazunguka kama punda wa kisima."

"Inageuka. Hujui kuigeuza."

Kaka aliichukua rimoti kutoka kwenye boneti kwa hasira. Nilisukuma mashua majini. Alikuwa mwendeshaji mzuri, mkono wake ulikuwa thabiti, alikuwa na klabu na miaka ya mazoezi. Aliielekeza kwenye dumu kwa kasi, akafika, akageuza pale pale ambapo angegeuza yake. Mashua ilipita moja kwa moja.

"Mapema!" mdogo wake akapiga kelele. "Anza mapema!"

Aliirudisha kwa shida, akajaribu tena. Ikapita tena.

"Nimekwambia mapema, Bhai!" akasema, akimwita kaka kwa Kigujarati. "Kabla hujaona sababu!"

Mara ya tatu alichelewa zaidi, ikavuka maji yote na kujikita kwenye mikoko, mota ikilia. Nilitaka kwenda kuitoa. Kaka alinizuia kwa mkono, akakunja suruali, akaingia mwenyewe, akazama kwenye tope hadi magotini. Aliizima. Kisha akabaki amesimama kule, ametugeuzia mgongo, mashua kwapani, kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Mimi nilijishughulisha na kukusanya madumu.

Aliporudi alikuwa anaisafisha tope kwa kiganja.

"Dukani," akauliza, "kwenye mizani nani anapima?"

"Wanajipimia."

"Na hawakuibii?"

"Wananiibia kidogo. Walikuwa wakiniibia hata mikono ilipokuwa mizima."

Kaka alijizuia, akashindwa, akacheka kicheko kifupi kilichoishia kama kikohozi. Aliniletea mashua, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Na kule nitawaambiaje?" akamwuliza mdogo wake. "Nitawaambia nimekuacha?"

"Waambie umenishinda."

Kaka alikwenda garini kufuta miguu. Adhana ya magharibi ilisikika kutoka upande wa mji, hafifu, na mwenye duka aliketi kwenye ukingo wa pikapu, akafungua kopo la tende. Alichukua moja. Ilimponyoka kabla ya kufika mdomoni, ikaanguka mchangani. Nilimwona kaka amesimama na kitambaa mkononi, akitazama. Nilidhani atachukua tende amlishe. Alikuja, akaketi upande wake, akalishika kopo kwa mikono yote miwili ili lisitikisike, akangoja hadi mdogo wake alipoingiza vidole tena.